Ugonjwa Tulioandika Kiuno

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya tiba, na ninyi wengine mnaozunguka zahanati mara tatu bila kuingia, maneno haya ni yenu wote. Mimi nilikuwa dresa. Siku hizi neno hilo limekufa, lakini miaka ya hamsini, huko vijijini, dresa ndiye aliyefunga vidonda, aliyegawa kwinini, aliyechoma sindano, aliyeandika daftari, na jioni ndiye aliyefagia. Zahanati yetu ilikuwa upande wa Ringwani: chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa bati, na mbele yake baraza la wagonjwa kusubiri.

Ulikuwepo ugonjwa mmoja ambao daftari langu halikuwa na jina lake. Anakuja mwanaume mwenye shingo kama ya fahali, anasema, "Daktari, kiuno kinauma." Ukimwuliza wapi, anashika tumbo. Ukimwuliza tangu lini, anatazama mlango. Ukimwambia ainame, anainama mpaka vidole vinagusa ardhi, anasimama tena bila hata kukunja uso. Kiuno cha mtu huyo ni kizima kuliko changu. Ninyi siku hizi mnasema jogoo hapandi mtungi, kisha mnacheka. Sisi tuliandika "kiuno", tukampa dawa ya kuchua, naye akarudi nyumbani na ugonjwa wake uleule.

Kuutibu ugonjwa huo nilijifunza, lakini kuna mtu aliumia kwanza kwa ujinga wangu. Yeye na mke wake wameniruhusu niwataje, na mtaona mwishoni kwamba wao wenyewe hawakufanya siri.

Aliitwa Wambura. Alikuwa rika langu, na alikuwa ameoa miezi minne tu. Alikuja siku ya sindano za buba. Lazima mjue kwamba siku zile watu wetu waliipenda sindano kupita kiasi, kwa sababu mtoto aliyejaa vidonda vya buba alichomwa mara moja, na baada ya wiki ngozi inateleza. Watu wakaamini sindano inaweza kila kitu. Wazee waliiomba kwa ajili ya meno, na mama mmoja aliwahi kuniletea mbuzi wake nimchome.

Wambura alikaa barazani tangu asubuhi, akiwaachia wengine zamu yake. Wakabaki wanawake watano hivi. Akaingia, akasogea karibu na meza, akasema kwa sauti ya chini sana, "Nataka sindano."

"Ya nini?"

"Ya nguvu."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sikuwa nimeoa. Nilikuwa nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi, na nilidhani koti lile ndilo elimu. Nikamjibu kwa sauti ileile niliyotumia kuita majina barazani: "Sindano ya buba haimwamshi mwanaume, bwana. Kwani wewe na mkeo mnashindwana?" Kisha nikacheka.

Sikucheka kwa ubaya. Nilicheka kama kijana asiyejua kitu. Lakini nje mwanamke mmoja naye akacheka, na mwingine akamwuliza kumetokea nini. Wambura alinitazama kidogo, akachukua fimbo yake aliyoiegesha mlangoni, akatoka, akapita katikati ya wanawake wale bila kumsalimu hata mmoja. Kwenye daftari niliandika: "Kiuno. Hakutaka dawa." Nikaita jina lililofuata.

Mkubwa wangu wa kazi siku hiyo hakuwepo, alikuwa amekwenda kuwaona wagonjwa wa ukoma. Aliitwa Zakaria, Mjaluo wa kandokando ya ziwa, mtu mrefu, mkali, mzee wa kanisa, baba wa watoto saba. Alichemsha sindano kwa saa ya mkononi, wala hakumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Nilimwogopa. Sikumwambia habari za Wambura, kwa sababu sikuona kama kulikuwa na habari.

Zilipita kama wiki tano. Asubuhi moja akaja mwanamke kijana, miguu ina vumbi mpaka magotini. Hakukaa barazani. Aliingia moja kwa moja, akamwamkia Zakaria, kisha akasema, "Kati yenu, nani aliyemcheka mume wangu?"

Zakaria akanigeukia. Ndipo nikaikumbuka ile fimbo ya Wambura ikichukuliwa mlangoni.

"Ni mimi," nikasema.

Alikuwa Ghati, mke wa Wambura. Zakaria alimpa kigoda, akafunga dirisha, akawaambia watu wa barazani wasogee kwenye kivuli cha mbali. Ghati akaeleza. Siku ile kicheko chetu kilifika nyumbani kabla ya Wambura mwenyewe. Hakulala kwake tena. Alivuka Mto Mara akaenda kwa mjomba wake, upande wa Matongo, anachunga ng'ombe kama kijana asiye na mji, yaani nyumba na mke. Baba mkwe na wazee wa ukoo walikuwa wamekaa na kuamua.

"Wamesema huu mwezi ukifa bila yeye kurudi, binamu yake aingie nyumbani kwangu, ili ukoo upate mtoto," Ghati alisema. "Nikikataa nirudi kwa baba, na ng'ombe wa mahari warudi. Kaka yangu ameshaoa kwa ng'ombe haohao. Nikirudi mimi, mke wake naye anaondoka, na ana mimba."

"Na wewe unataka nini?" Zakaria aliuliza.

"Mimi niliolewa na Wambura. Nikiugua ananitekea maji, wenzake wanamcheka na bado anateka. Simtaki mwingine." Kisha akanionyesha kwa kidole, nami nilikuwa nimesimama kama mshtakiwa. "Huyu kijana wako amemfukuza. Huyu kijana wako amrudishe."

"Umesikia," Zakaria akaniambia. "Utaondoka kesho alfajiri."

Ghati alipokwenda, nilingoja kugombezwa. Zakaria hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda kilekile, akaanza kunifundisha, na mafunzo yale ya nusu saa nimeyatumia miaka thelathini.

"Utamwuliza mambo matatu," alisema. "La kwanza, akiamka asubuhi, kabla ya kwenda kukojoa, mwili wake ukoje? Kama asubuhi unasimama wenyewe, basi damu inapita na mishipa ni mizima. Mwili wake haujasahau kazi, ni yeye anayeutisha. La pili, ilianza taratibu au ilianza siku moja? Ugonjwa wa mwili huja kidogokidogo, kama kutu kwenye jembe. Hofu huja siku moja, na mtu anaikumbuka siku hiyo mpaka hali ya hewa. La tatu, anakunywa nini na anameza nini. Hilo usilisahau, kwa sababu mtu wa namna hiyo atakuwa ameshanunua kila mzizi unaouzwa."

Nikamwambia ukweli: "Hatanijibu. Mimi ndiye niliyemcheka."

"Hatakujibu. Kwa hiyo utaanza kwa kumpa kitu."

"Kitu gani?"

Zakaria alitazama mikono yake. "Mwambie kwamba mimi nilipooa sikuweza. Miezi mitatu. Mwambie ni mimi, kwa jina langu. Nimekuruhusu."

Sikujua niangalie wapi. Mtu huyu ndiye niliyedhani hakuwahi kushindwa hata kufunga kifungo cha shati. Akaendelea kama anayesoma maelekezo ya dawa. Baba yake asingeweza kumwambia, kwetu na kwao ni mwiko. Aliyemponya ni bibi yake, mama wa mama yake, kwa sababu bibi ni mtani wako, unaweza kumwambia lolote naye akakuambia lolote. Bibi yule alimwita pamoja na mkewe, akawapiga marufuku. Walale pamoja, waongee, washikane mikono, lakini tendo lenyewe wasilijaribu mpaka mwezi uishe. "Aliniambia, unamwinda mkeo kama swala, na swala hajakimbia, anayekimbia ni wewe. Kaa naye kwanza." Akaenda kulifungua dirisha. "Hayo hayamo katika vitabu nilivyosomeshwa. Lakini ni ya kweli."

Nilitembea kutwa nzima. Kwenye Mto Mara mwenye mtumbwi alinichelewesha kwa sababu viboko walikuwa wamesimama katikati ya njia yake, na alisema yeye hagombani na wenye nyumba. Jua lilikuwa limeinama nilipofika kwa mjomba wa Wambura. Mjomba alinionyesha bonde. Wambura aliponiona, aligeuza ng'ombe, akaanza kuwapeleka upande mwingine.

Nikamfuata. Alitembea, nikatembea. Viatu vyangu vya kazi vilijaa samadi. Tulizunguka bonde lile kama watu wawili waliotumwa kulipima, mpaka akasimama.

"Umekuja kumalizia kicheko?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilikukosea mbele za watu."

"Umeshaomba. Rudi."

Nilimwambia sirudi. Nikalala kwa mjomba, na asubuhi ng'ombe walipotoka nilitoka nao. Hakunifukuza, lakini hakusema neno. Ndama mmoja alikwama kwenye matope penye maji, tukamvuta pamoja, mmoja mbele, mwingine nyuma. Alipotoka tukakaa chini, tumechafuka sawa. Nikaona hapo ndipo pa kusema.

"Zakaria amenituma," nikasema. "Amesema nikuambie kwamba yeye alipooa hakuweza. Miezi mitatu."

Wambura aligeuka taratibu. "Zakaria gani?"

"Zakaria wetu."

"Yule mrefu?"

"Yule mrefu. Watoto saba."

Aliviringisha matope kati ya vidole. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kwa muda mrefu, mpaka machozi yakamtoka, na kicheko hicho hakikuwa cha kumcheka Zakaria. Kilikuwa cha mtu aliyebeba mzigo njia nzima, kisha akakuta njiani wapo wengine wenye mzigo uleule. Alipomaliza akasema, "Uliza unachotaka kuuliza."

Nikauliza la kwanza. Alijibu kwamba asubuhi mwili uko sawa, tena hilo ndilo lililomtia hasira zaidi, kwamba asubuhi upo na jioni haupo. Nikauliza la pili. Alikumbuka siku yenyewe mpaka hali ya hewa, kama Zakaria alivyosema. Ilikuwa sherehe ya kumleta Ghati. Wenzake wa rika walikuwa wamemtania mchana kutwa kwamba kesho watauliza habari. Alikunywa pombe ya kutosha ili asione haya. Mashangazi walikaa nje ya nyumba, wakiongea kwa sauti ili ajue wapo. Hakuweza. Akajiambia ni uchovu. Mara ya pili hakujiambia kitu, alikuwa anangoja tu kuona.

"Sasa kila nikimkaribia," alisema, "nasikia kama kuna mtu amesimama nyuma yangu anaangalia kama nitaweza."

"Mtu huyo ni nani?"

Akafikiri. "Ni mimi."

Hapo nilimweleza kama nilivyoweza. Nilimwuliza, ukifukuzwa na nyati, je, unaweza kusimama ule ugali? Akasema hapana. Nikasema, tumbo lako halijaharibika, ila mwili ukiogopa hupeleka damu yote miguuni ukimbie, mambo mengine yanangoja. Na hofu haijui tofauti ya nyati na shangazi aliyekaa mlangoni. Nikamwambia pia habari ya usingizi: mtu anayesema lazima nilale, lazima nilale, ndiye anayekesha. Jambo hili ni ndugu wa usingizi. Ukilishurutisha linakimbia.

Nikauliza la tatu. Alisita, kisha akatoa kwenye mkoba wake chupa ndogo yenye maji meusi, mizizi inaelea ndani. Alikuwa ameinunua kwa mchuuzi mpita njia.

"Inafanya nini?"

"Moyo unapiga kama ngoma mpaka naona giza," alisema. "Upande mwingine kimya."

Nilishika mkono wake pale kwenye kifundo. Hata kwa saa ile, na alikuwa amekunywa jana yake, mapigo yalikuwa yanaruka mstari. Niliogopa. Nilimwambia nimeona mtu mzima na nguvu zake akianguka kwa vitu vya namna hiyo, na nilikuwa nimeona kweli. Hakubishana. Alifungua kizibo, akamwaga kwenye matope, akaikanyaga sehemu ile kwa kisigino.

Kurudi ndiko kulikuwa kugumu. "Nikiingia mji ule, baba ataniuliza," alisema.

"Baba yako hawezi kukuuliza, naye anaona haya kama wewe. Ataniuliza mimi."

Tukavuka mto pamoja kesho yake.

Mzee Marwa, baba yake Wambura, alikuwa amekaa mbele ya zizi. Nilikuwa nimepita kwanza zahanati, na Zakaria alinipa karatasi yenye mhuri. Karatasi ile haikusema kitu zaidi ya kwamba Wambura yuko kwenye matibabu na asisumbuliwe. Nikaamkia. Akaitikia. Nikampa karatasi, akaitazama, akaikunja bila haraka.

"Ni dawa gani hiyo?"

"Ni dawa inayotaka utulivu, mzee. Mtu mwingine akiingia katika nyumba ile, dawa inaharibika."

"Hata binamu yake?"

"Huyo hasa."

Alitafuna ndani ya shavu. "Inachukua muda gani?"

"Mwezi huu ufe, na mwingine ufe."

Nilimwona anapima. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya. Ukoo ulikuwa unamsukuma, naye alikuwa anawasukuma aliowaweza. Nadhani alifurahi kupata mhuri wa kuwaonyesha wazee wenzake. Aliichomeka karatasi kwenye paa la nyumba yake, akasema, "Basi wasisumbuliwe," akarudi kutazama ng'ombe wake.

Zakaria aliwaita wote wawili zahanati, baada ya watu kuondoka. Hilo nalo mlishike, vijana: usimtibu mwanaume peke yake kwa ugonjwa ambao watu wawili wanalala nao. Aliwapa sheria za bibi yake. Pombe hapana. Mizizi hapana. Kulala pamoja ndiyo. Kushikana ndiyo. Tendo lenyewe ni marufuku mpaka atakapoliruhusu yeye.

"Kuongea kunaruhusiwa?" Ghati aliuliza.

"Kuongea kunalazimishwa."

"Tuongee nini?"

"Chochote. Mwulize utotoni aliogopa nini. Mwambie wewe uliogopa nini siku ile." Ghati akamtazama mumewe, na nikaona kwa uso wa Wambura kwamba hakuwahi kufikiri hata mara moja kwamba siku ile Ghati naye alikuwa anaogopa.

Siku ya kumi na mbili walirudi. Wambura aliingia mbele akiwa ameinamisha kichwa, Ghati nyuma yake akitazama bati.

"Mzee," Wambura alisema, "nimevunja sheria yako."

Zakaria akavaa miwani. "Lini?"

"Juzi." Akamgeukia Ghati. "Na jana."

Zakaria alifungua daftari, akalitazama kwa muda, uso wake haukucheza. "Umevunja sheria ya matibabu. Basi inaanza upya leo, siku ya kwanza."

"Yote?" Ghati aliuliza, na ilimtoka kwa uchungu wa kweli kiasi kwamba ilinibidi nitoke nje kwenda kuangalia kama maji yanachemka.

Msidhani iliishia hapo. Mambo ya mwili hayaishi kama hadithi. Miezi kadhaa baadaye walifiwa na mama yake Wambura. Kazi za matanga ziliwachosha, na baada yake yule mwangalizi wa nyuma akarudi. Wambura alikuja mbio, jasho linamtoka, akasema ugonjwa umerejea na safari hii atakufa nao. Ghati alikuja taratibu nyuma yake, amebeba kikapu. "Nimemwambia ugali ukiungua siku moja hatuvunji chungu," alisema. "Hasikii."

Zakaria alimkalisha, akamwambia maneno ambayo nawaomba myashike kuliko yote. Mwili wa mwanaume si jiwe la kusagia lililopo tu wakati wowote ukilitaka. Uchovu unaweza kuuzuia, na msiba, pombe, ugomvi, hata deni la maneno na ndugu. Siku moja si ugonjwa. Ugonjwa unatengenezwa siku ya pili, pale unapoingia ukiwa umeshajihukumu. Kwa hiyo siku ya pili usiende kujipima. Nenda ukaongee na mkeo. Wambura aliondoka akiwa amebeba kikapu cha Ghati, na hakuja tena kwa ajili hiyo.

Baada ya hapo nilibadilisha kazi yangu. Nilisuka matete, nikagawa chumba chetu, nikaning'iniza gunia mlangoni, ndiyo ikawa faragha ya kwanza katika zahanati ile. Nilijizoeza sauti ya chini. Tabia ya kuandika "kiuno" niliiacha. Mtu akija na kiuno kisichouma, nilimwambia mwenyewe, polepole, "Wanaume wengi wakija hapa na kiuno, huwa wanataka kuniuliza habari za nyumbani. Kama wewe ni mmoja wao, tuna nafasi." Tisa kati ya kumi waliketi. Huo mlango ukiufungua wewe, mgonjwa anapita. Ukimngoja aufungue yeye, anarudi kwake.

Lakini msifanye kosa la upande wa pili, kwamba kila mtu ni hofu. Nililifanya. Alikuja mzee mmoja, ilikuwa imemwanza taratibu, asubuhi hakuna kitu, nami nikampa sheria za bibi yake Zakaria kwa kujiamini. Ni Zakaria aliyemwuliza kama sisimizi hukusanyika mahali anapokojoa. Mzee akasema, ndiyo, wengi sana, amejuaje. Ilikuwa kisukari, tukampeleka hospitali. Ndiyo maana nasema maswali ni matatu, na yote huulizwa. Siku hizi mna vipimo, na vidonge vya nguvu vinauzwa hata madukani pale Nyamisangura kama pipi. Vipo vinavyofaa, kwa mtu aliyepimwa, aliyeandikiwa na daktari anayejua moyo wake ukoje. Vya kununua gizani ni ile chupa ya maji meusi tu, imebadilishwa nguo.

Nimalizie na siku moja ya risaga, ile kazi ya kulimiana kwa zamu. Ilikuwa miaka michache baada ya hayo, shambani kwa Mzee Marwa. Mimi nami nilikuwepo, siku yangu ya mapumziko. Tulikuwa mstari mmoja wa majembe, wanaume kama ishirini, na wanawake walikuwa pembeni wakigawa uji. Kijana mmoja, Chacha, alikuwa ameoa karibuni. Wenzake wakaanza. Kwanza utani wa kawaida, kisha mmoja akasema mke wa Chacha ameonekana anakwenda kwao mara mbili wiki hii, labda nyumba ina baridi. Wakacheka mstari mzima. Chacha alicheka pia, lakini jembe lake liliacha kupanda. Niliujua uso ule. Nilikuwa nimewahi kuusababisha.

Nikafungua mdomo, na kabla sijasema, Wambura alisimamisha jembe lake. Hakupaza sauti.

"Mimi nilishindwa," alisema. "Nilipooa. Miezi mingi, mpaka nikakimbia mji wangu. Mnaonijua mnajua, mlicheka vilevile. Ghati yule pale, mwulizeni."

Hakuna aliyemwuliza. Lakini Ghati, mtoto mgongoni, kibuyu mkononi, alisema, "Ni kweli," akaendelea kumimina uji.

Mzee Marwa mwenyewe alikuwa mwisho wa mstari, amegeuka upande wa mlima kama hakusikia. Kisha mtu mmoja wa makamo, mkulima hodari kuliko wote pale, akatema mate mikononi, akashika mpini, akasema, "Na mimi ilinipata. Mwaka wa njaa." Mwingine akakohoa. Aliyeanzisha utani akainama kuchunguza jembe lake, ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Wambura akaanza kulima tena. Chacha akatoka mahali pake, akaja kusimama karibu naye, wakashuka pamoja, bega kwa bega, mpaka mwisho wa shamba.